Filamu ulizozipenda utotoni: urudie nakala ipi?

Mtu anairudia filamu aliyoipenda akiwa na miaka minane. Anafungua nakala ya kwanza inayojitokeza, anatazama dakika ishirini, kisha anatoa hukumu: ama filamu imechuja, ama yeye ndiye aliyekua. Mara nyingi hukumu hiyo haiihusu filamu hata kidogo. Alichokitazama kina kasi nyingine, kimekatwa juu na chini, kimebadilishiwa nyimbo, kimetiwa sauti za waigizaji wengine, na juu ya yote runinga yake inachomeka picha ambazo hakuna kamera iliyozipiga. Kabla ya kuuliza kama filamu bado ni nzuri, uliza umeshika nakala gani.

Jiulize pia unarudia nini. Kuna anayetaka kumbukumbu: sauti zilezile, rangi zilezile, hata ile mikwaruzo. Kuna anayetaka filamu yenyewe kama walioitengeneza walivyoiachia. Hao wawili hawafai kushauriwa kitu kimoja, kwa sababu aliyekulia kwenye kanda na runinga ya chogo hakuwahi kuiona filamu nzima. Aliona kipande cha katikati. Ukimpa diski safi kabisa anaweza kuikataa, akasema siyo hii.

Kanda, diski au mtandao

| Nakala | Undani wa picha | Data ya picha kwa sekunde | Inamfaa nani |
|---|---|---|---|
| Kanda ya VHS | takriban mistari 240 kwa upana | haipimwi hivyo | mwenye kutaka kumbukumbu na mwenye subira |
| DVD | 720×576 au 720×480 | hadi megabiti 9.8 | mwenye kutafuta toleo la zamani lisilochezewa |
| Blu-ray | 1920×1080 | hadi megabiti 40 | mwenye kutaka filamu yenyewe |
| Blu-ray ya 4K | 3840×2160 | hadi megabiti 128, sauti ikiwemo | mwenye skrini kubwa na filamu iliyopigwa kwa mkanda wa milimita 35 au zaidi |
| Mtandao | hadi 3840×2160 | Netflix hupendekeza intaneti ya megabiti 15 kwa 4K, 5 kwa 1080p | mwenye kutaka kuonja kabla ya kununua |

Kanda za VHS zilianza kuuzwa na JVC nchini Japani mwaka 1976. Kwenye chogo la inchi 21 mistari 240 ilitosha: skrini ilikuwa ndogo, mtazamaji alikaa mbali, na kioo chenyewe kililainisha kingo za picha. Kanda hiyohiyo kwenye runinga bapa ya inchi 55 ni tope tupu. Anayetaka ladha ya kanda atafute na chogo lake, la sivyo atakuwa amenunua nusu ya kifaa.

Kikwazo kikubwa ni deki. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016, kwa hiyo deki yoyote utakayoipata leo ina umri wake. Kabla ya kuitia kanda, bonyeza kitufe kidogo kilicho ubavuni mwa kanda, inua kifuniko na uutazame utepe kwenye mwanga. Unga mweupe kwenye kingo za mzingo ni ukungu. Kanda ya namna hiyo usiitie, maana ukungu huhamia kwenye vichwa vya deki na kupita hadi kwenye kanda zinazofuata. Kanda safi ipeleke mbele hadi mwisho, uirudishe nyuma, ndipo uicheze, ili utepe uliolala miaka mingi ujifunge upya kwa mvutano ulio sawa. Picha ikijaa chenga ilhali kanda ni nzima, vichwa ndivyo vichafu. Chomoa umeme, lowesha kipande cha ngozi laini ya kusafishia kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99, kishike kikiwa kimegusa ngoma, kisha izungushe ngoma kwa kidole. Usisugue kutoka juu kwenda chini. Usitumie pamba za masikioni pia: nyuzi zake hunasa kwenye vichwa, na kichwa kikivunjika deki imekwisha.

Wapo wanaotaka kuhamishia kanda ya dukani kwenye kompyuta, nao hukuta picha inang'aa na kufifia kwa zamu. Wanadhani kanda imekufa. Hiyo ni Macrovision, kinga ya kunakili iliyowekwa kwenye kanda nyingi za kibiashara, ambayo huvuruga kipimo cha mwanga cha kifaa kinachorekodi. Kwa filamu inayopatikana kwenye diski, taabu hiyo haina malipo. Iweke akiba kwa vitu ambavyo havikutolewa tena, kama vipindi vilivyorekodiwa kutoka hewani pamoja na matangazo yake. Hivyo havina kinga.

DVD ndiyo nakala inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa mengi. Picha yake si kali, lakini toleo la mwaka 1999 au 2003 mara nyingi lina mpangilio, nyimbo na sauti ambazo matoleo ya baadaye yamezifuta. Ukinunua, soma nyuma ya jalada mambo matatu. La kwanza ni eneo: Marekani na Kanada ni 1, Ulaya Magharibi na Japani ni 2, sehemu kubwa ya Afrika pamoja na India na Urusi ni 5. Diski ya 0 hucheza popote. Kiendeshi cha DVD cha kompyuta hukuruhusu kubadilisha eneo mara 5 tu, kisha hujifunga hapohapo, basi usizimalize kwa majaribio. La pili ni neno "anamorphic" au "enhanced for 16:9", yaani picha pana imebanwa ili itumie mistari yote ya diski. Likikosekana kwenye filamu ya picha pana, sehemu ya mistari ya diski imetumika kuchora mikanda myeusi, na picha itaonekana kama kidirisha katikati ya skrini. La tatu ni muda wa filamu, na hili linahitaji maelezo marefu kidogo.

Kwa nini sauti inaonekana nzito

Filamu za sinema hupigwa fremu 24 kwa sekunde. Runinga za mfumo wa PAL huonyesha 25. Njia rahisi ya kuhamisha filamu kwenye kanda au DVD ya PAL ilikuwa kuiendesha mbio kidogo: fremu 25 badala ya 24, yaani zaidi ya asilimia 4. Filamu ya saa mbili ikawa dakika 115 na sekunde 12. Sauti nazo zikapanda kwa karibu robo tatu ya nusutoni, isipokuwa mafundi walipochukua hatua ya kuzirekebisha. Mfumo wa NTSC wa Marekani na Japani haukufanya hivyo. Huko fremu zilirudiwa kwa mpangilio maalumu ili 24 zijaze nafasi ya 30, kasi ikabaki karibu ileile, ingawa kamera inapopita pole juu ya mandhari utaona mwendo unakwama-kwama.

Aliyekulia kwenye PAL anapoweka Blu-ray, inayokwenda fremu 24, anasikia mwigizaji ana koo nzito na wimbo wa ufunguzi umechoka. Anadhani wamebadilisha sauti. Kumbe hii ndiyo kasi iliyokusudiwa, na utotoni alisikia iliyoharakishwa. Kwa sababu hiyohiyo usiitupe DVD ya PAL ukidhani imekatwa. Gawanya dakika za toleo la sinema kwa 25, zidisha kwa 24: filamu ya dakika 88 itatoka karibu dakika 84 na nusu. Pengo likiwa kubwa kuliko hilo, hapo ndipo ushuku mkasi.

Kumbukumbu ya kasi ya zamani inaweza kurudishwa. Kwenye programu ya VLC weka kasi 1.04, kisha ingia mipangilio ya sauti na uzime chaguo la kunyoosha sauti. Ukiliacha, VLC itaharakisha picha bila kupandisha sauti, na utapata kitu ambacho hakijawahi kuwepo popote. Kwenye mpv, programu nyingine ya kuchezea video, kasi ya 1.0417 pamoja na kuzima urekebishaji wa kimo cha sauti hutoa matokeo hayohayo.

Michezo ya video, kwa kejeli ya mambo, ilikwenda kinyume. Mashine za PAL zilichora skrini mara 50 kwa sekunde badala ya 60, na michezo mingi ambayo haikurekebishwa ilikwenda polepole kwa karibu asilimia 17. PlayStation Classic ya mwaka 2018, mashine ndogo ya Sony yenye michezo ya zamani ndani yake, ilibeba matoleo ya PAL katika michezo 9 kati ya 20, na walioizoea kasi ya 60 waligundua siku ya kwanza. Ukinunua mkusanyo wa michezo ya zamani, tafuta kama una chaguo la 60.

Picha imekatwa wapi

Swali hili ni zito kuliko la ukali wa picha, lakini wanunuzi wengi hulipita. Ili kujaza skrini ya 4:3, filamu pana ilikatwa kando: fundi alichagua kipande cha kuonyesha, na mara nyingine akakisogeza kushoto au kulia katikati ya tukio. Filamu ya uwiano wa 2.39:1 ilipoteza takriban asilimia 44 ya upana wake. Ya 1.85:1 ilipoteza kama 28. Wawili wanaozungumza wakikaa ncha mbili za meza, kwenye kanda unaona pua mbili, au unaona mmoja akizungumza na hewa. Filamu ya aina hii ndiyo inayolipa zaidi ukiirudia katika upana wake. Anayeiona kwa mara ya kwanza anakutana na wahusika ambao muda wote walikuwepo, nje kidogo ya skrini yake.

Vipindi vya runinga vina ugonjwa wa upande wa pili. Vilitengenezwa kwa 4:3, na sasa vinakatwa juu na chini ili vijaze skrini pana, hasara ya robo nzima ya kimo. The Simpsons ilipoanza kuonyeshwa kwenye Disney+ Novemba 2019, vipindi vya zamani vilikuwa vimekatwa hivyo, na vichekesho vilivyochorwa juu ya fremu vikapotea. Katika kimoja, aina tatu za bia zinazotangazwa kuwa tofauti zinatoka kwenye bomba moja. Kata sehemu ya juu, bomba halionekani, na kichekesho kimekufa. Mei 2020 chaguo la 4:3 liliongezwa, lakini lilikaa kwenye ukurasa wa maelezo ya kipindi na ni lazima mtazamaji mwenyewe aliweke. Dragon Ball Z nayo ina matoleo ya Marekani, la DVD za misimu la 2007 likiwemo, yaliyokatwa kwa upana. Ukipata lenye picha ya mraba-mraba, hilo ndilo kamili.

Kanuni ni nyepesi. Kilichotengenezwa kwa sinema kitafute katika upana wake, kilichotengenezwa kwa runinga za zamani kitafute katika 4:3. Mikanda myeusi si hasara, iwe juu na chini au pembeni. Na usiguse kitufe cha rimoti kinachonyoosha picha ijae. Kinawafanya watu wote wawe wanene.

Iliyosafishwa na iliyosafishwa kupita kiasi

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Jalada likiandikwa "imerekebishwa upya", maneno hayo yanaweza kumaanisha kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kuuchukua mkanda hasi wa asili, yaani ule uliopita ndani ya kamera, kuupiga picha upya kwa 4K, kuondoa vumbi na mikwaruzo, na kuacha kila kitu kingine. Ya pili ni kuipitishia kompyuta nakala ileile ya zamani ili ionekane laini. Tofauti huonekana kwenye chembechembe. Filamu iliyopigwa kwa mkanda ina chembe ndogo zinazotembea, na undani wa ngozi, nywele na nguo umebebwa na chembe hizo. Kompyuta ikizifuta, nyuso zinakuwa za nta. Blu-ray ya Predator ya mwaka 2010 ndiyo mfano unaotajwa kila mara.

Katuni za kuchorwa kwa mkono huumia zaidi, kwa sababu mstari wa penseli unafanana na uchafu machoni pa kompyuta. Cinderella ya 1950 ilitoka kwenye Blu-ray mwaka 2012 ikiwa safi kama sahani, na mistari ya nywele na mikunjo ya magauni ikiwa imefutika. Marekebisho mapya ya 4K ya mwaka 2023 yalirudisha mistari hiyo na chembechembe zake. Filamu moja, kampuni moja, na mnunuzi asiyeangalia mwaka wa toleo atapata nakala mbaya kwa bei ya nakala nzuri.

Rangi ni suala jingine. Toy Story ya 1995 ilitengenezwa kwenye kompyuta, lakini sinema zilionyesha mkanda wa milimita 35, na watengenezaji walipanga rangi wakijua mkanda utazibadilisha. DVD na mitandao ya baadaye ilichukua picha moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, bila mkanda kati yake, na matokeo ni angavu na yaliyokolea kuliko walivyoona watu wa sinema mwaka huo. Katuni za Disney za miaka ya 1990 zilizopakwa rangi kwa kompyuta zina kisa kilekile. Ukiona msitu wa katuni umekuwa kijani cha kung'ata macho, usiilaumu kumbukumbu yako. Punguza kiwango cha rangi cha runinga kwa hatua chache, chagua joto la rangi la "warm", na utakaribia.

Kati ya DVD nzuri na Blu-ray iliyofutwa chembechembe, sisi tunachukua DVD. Kati ya DVD na Blu-ray iliyopigwa upya kutoka mkanda hasi, hakuna mjadala.

Toleo la kwanza au lililoguswa

Kuna filamu ambazo waliozitengeneza walirudi kuzichokonoa. Trilojia ya kwanza ya Star Wars ilibadilishwa kwa toleo maalumu la 1997, ikaguswa tena kwa DVD, Blu-ray, na hata ilipoingia Disney+ mwaka 2019. Matoleo ya sinema yasiyoguswa yalitoka kwenye DVD mwaka 2006 kama diski ya nyongeza, yakiwa na picha ya mwaka 1993 iliyotayarishwa kwa leizadiski, zile diski kubwa za kabla ya DVD, bila anamorphic. Kwa hiyo uchague: kisa ulichokijua katika picha hafifu, au picha kali yenye viumbe wa kompyuta wasiokuwepo. Mtu wa kumbukumbu achukue diski ya 2006 na aitazame kwenye skrini isiyozidi inchi 32.

E.T. ilikwenda na kurudi. Toleo la 2002 lilifuta bunduki za askari na kuwapa redio za mkononi, na baadhi ya nyuso za kiumbe zikachorwa kwa kompyuta. Blu-ray ya 2012 ilirudisha filamu ya 1982, na mwongozaji wake, Spielberg, mwenyewe amesema alijuta. Chukua ya 2012 au ya baadaye.

Nyimbo zilizoongezwa ni mtego mdogo lakini unaudhi. Beauty and the Beast ya 1991 ilipata wimbo mzima mpya katika toleo la 2002, na The Lion King ya 1994 ikaongezewa mmoja kwenye DVD ya 2003. Zote zina chaguo la toleo la sinema kwenye menyu ya mwanzo. Menyu hiyo isome kabla ya kubonyeza.

Nyimbo zilizoondolewa ni msiba mkubwa zaidi. Haki za muziki wa vipindi vya zamani zililipiwa kwa ajili ya runinga tu, hivyo wakati wa kutoa diski mwenye kipindi hulazimika kulipa upya au kubadilisha. Daria ilitoka kwenye DVD mwaka 2010 ikiwa imepoteza sehemu kubwa ya nyimbo zake. The Wonder Years, ambayo bila nyimbo zake ni maiti, ilisubiri DVD kamili hadi 2014. Ikiwa unachokumbuka ni tukio lenye wimbo fulani, tafuta kwanza taarifa za muziki wa toleo hilo, ndipo ununue.

Sauti ya utotoni au lugha ya asili

Hapa hatutoi hukumu moja. Kwa katuni za Kijapani zilizotiwa sauti za Kiingereza miaka ya 1990, mara nyingi hukuwa unatazama kazi ileile. Sailor Moon ya Kiingereza ya 1995 ilibadilishiwa majina na muziki, ikakatwa matukio, na vipindi viwili vya mwisho vya msimu wa kwanza vikabanwa kuwa kimoja. Toleo kamili lenye sauti mpya lilianza kutoka 2014. Robotech ya 1985 ni zaidi ya hapo: vipindi 85 vilivyoungwa kutoka tamthilia tatu za Kijapani zisizohusiana. Aliyeipenda Robotech asitafute "asili" yake akitarajia kukutana na kisa kilekile. Atakuta visa vitatu vigeni. Ushauri: tazama kipindi cha kwanza kwa sauti ya utotoni, cha pili kwa Kijapani na manukuu. Ukifika cha tatu utajua mwenyewe unabaki wapi.

Filamu za kung-fu za Hong Kong za miaka ya 1970 ni habari nyingine. Zilipigwa bila sauti, kisha sauti zikatiwa studio, hata kwa Kimandarini na Kikantoni. Katika toleo la Kimandarini la The Big Boss ya 1971, sauti unayoisikia kinywani mwa Bruce Lee si yake. Midomo isiyooana na maneno basi si dalili ya nakala mbovu, na anayependa sauti za Kiingereza za zamani asione haya. Angalia zaidi dakika na muziki: Rumble in the Bronx iliyoonyeshwa Marekani 1996 ilikatwa na kuwekewa muziki mwingine. Kwa filamu kama hizo chagua toleo la Hong Kong lenye manukuu.

Kabla ya kubonyeza

Hata nakala bora huharibiwa na runinga mpya kutoka kwenye boksi. Kipengele cha kulainisha mwendo hubuni fremu za kati ili 24 ziwe 60 au 120, na filamu inageuka kuwa kama tamthilia ya studio. Samsung huiita Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG TruMotion, Sony Motionflow. Izime. Runinga nyingi za kuanzia 2020 zina Filmmaker Mode, iliyotangazwa mwaka 2019 na UHD Alliance, muungano wa kampuni za runinga na filamu, ambayo huzima kulainisha, kunoa kingo na kufuta chembechembe kwa mpigo mmoja. Pasipo hiyo, chagua "Movie" au "Cinema" na ushushe ukali wa kingo hadi karibu sifuri. Katuni zinaumia sana na kulainishwa: kompyuta haielewi mchoro unaoruka, nayo huchora mikono yenye mikia.

Ukitazama na mtoto

Alama za umri za zamani zinadanganya. PG ya Marekani humtaka mzazi aongoze, na PG-13, inayoonya zaidi kwa walio chini ya miaka 13, iliundwa Julai 1984, baada ya malalamiko kuhusu Gremlins na Indiana Jones and the Temple of Doom, zote zikiwa PG. Ndiyo kusema PG ya kabla ya hapo inaweza kuwa na mambo ambayo leo hayangepita kwa alama hiyo. Zirudie peke yako kwanza, angalau kwa kurukaruka kila dakika tano. Mtoto wa miaka sita humalizwa nguvu na mwanzo wa polepole kuliko na picha hafifu, kwa hiyo anza na ya dakika 80 hadi 90, na kwa mtoto asiyesoma manukuu swali la lugha limeshajibiwa.

Kwa vipindi virefu, fikiria toleo lililofupishwa. Dragon Ball Z ina vipindi 291, na utotoni kimoja kwa siku au kwa wiki kilificha kwamba pambano moja lilichukua vipindi kumi. Ukivitazama mfululizo, utachoka. Dragon Ball Z Kai, iliyoanza 2009, ilipangua nyenzo hizohizo na kuondoa ujazo, yaani matukio ya kurefusha tu, ikaishia chini ya vipindi 170. Muziki wake ni tofauti, na hapo mtu wa kumbukumbu ataondoka. Basi yeye achukue zile 291, mbili kwa siku, asizidi.

Na zile zilizotengenezwa upya kabisa? The Lion King ya 2019 ni dakika 118 dhidi ya 88, ina sauti ileile ya James Earl Jones kwa Mufasa, na wanyama wanaofanana na wa kweli kiasi kwamba nyuso zao haziwezi kulia wala kucheka. Ni filamu ya mgeni, si ya anayerudi. Ya 1994 ina jambo ambalo wasemaji wa Kiswahili walilipata bure utotoni: fisi anaitwa Shenzi, na sisi tulicheka mahali ambapo ukumbi mwingine wowote ulikaa kimya.

Ukishaipata nakala inayokufaa kwenye mtandao, bado diski yako ya zamani usiigawe. Usiache mbachao kwa msala upitao: kilichopo mtandaoni hubadilishwa bila tangazo, na siku ya kubadilishwa hutapewa cha kulinganisha nacho. Iweke wima, mbali na jua, na ndani ya jalada uandike kwa penseli mwaka wa toleo, dakika zake na lugha zilizomo.